"Kisumu si ni hapo tu": jibu kwa mama anayehama na watoto wawili

Swali:

Shikamoo mwalimu. Naishi Mwanza, Nyakato. Mume wangu amepata kazi ya mkataba wa miaka miwili Kisumu, na mwezi wa kumi na mbili tunamfuata. Tuna watoto wawili. Wa kike ana miaka mitano na nusu, yuko darasa la awali shule ya serikali na kila kitu anajifunza kwa Kiswahili. Wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minane, ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno. Mimi ni fundi cherehani. Kila nikisema nina wasiwasi naambiwa, "Kisumu si ni hapo tu, ziwa ni lile lile." Mbona mimi naona kama naenda mbali? Nianzie wapi ili watoto wasiyumbe? Na vitanda vyao nibebe au ninunue huko huko?
Mama wa Wawili, Mwanza

Jibu:

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo neno "hapo tu", kwa kuwa ndilo litakalokusumbua kuliko mengine yote. Mtu anayehamia Ujerumani anajua anakwenda ugenini. Hununua makoti, hujifunza lugha, huwaandaa watoto miezi kadhaa, na akifika akashindwa hata kununua mkate hakuna wa kumshangaa. Wewe utapanda basi asubuhi, utapita Musoma, utagongewa pasi mpakani Sirari, utashika njia ya Migori na Kisii, na utaingia Kisumu ukiwa bado na vumbi la Nyakato kwenye viatu. Hakuna atakayekupa pole ya kuhama nchi. Halafu wiki ya tatu mtoto akilia kwamba hataki shule, utamwona mkaidi na utajiona mzembe, maana mmehamia "hapo tu". Basi tangu leo hesabu kwamba unakwenda nje ya nchi. Wape wanao muda na huruma ile ile ambayo ungewapa kama mngekuwa mnakwenda London.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nikaolewa Kisumu na mtoto wa miaka mitatu mkononi. Sikuvuka mpaka wowote. Siku ya kwanza sokoni Kibuye nikamwambia muuza nyanya, "Naomba unipunguzie kidogo, dada yangu." Akamgeukia mwenzake, wakasemezana kwa Kijaluo, wakacheka mpaka nyanya zikaporomoka. Nilirudi nyumbani na nyanya zangu na machozi. Mwanangu naye alianza shule Januari, akanyamaza kimya mpaka karibu na Pasaka. Mwalimu wake akaniita kuniambia mtoto ni mzito wa akili. Jina la shule sitalitaja, na mwalimu yule hakuwa mtu mbaya, ila hakujua alichokuwa akikitazama. Mtoto alikuwa anasikiliza. Jioni moja nikamsikia uani akimgombeza paka kwa Kijaluo safi, na sauti ile ile ya mama wa nyumba ya pili. Baada ya hapo nikaingia chuo cha ualimu wa chekechea, na miaka ishirini na zaidi nimekuwa nikipokea watoto wa wageni: wa Uganda, wa Kongo, wa pwani kwetu, na wa Mwanza, Musoma na Tarime.

Watoto wa kwenu wana tatizo lao la peke yao. Wao wanakuja wakidhani wanaijua lugha.

Nikupe mfano mmoja ambao nimeuona mara nyingi mpaka nimezoea kuungoja. Mtoto wa Mwanza anakaa kwenye benchi, ana huzuni. Mwalimu anamuuliza ana nini. "Namkumbuka bibi." Mwalimu anaduwaa kidogo, kwa sababu huku kwetu bara "bibi" ni mke wa mtu. Akishaelewa anasema, "Oh, unamkumbuka nyanya yako!" Mtoto naye anamkodolea macho, maana kwao nyanya ni ya kuungia mboga. Wenzake pale wanamwita nyanya wao "dani". Mtoto wa miaka mitano hawezi kukueleza kilichotokea. Anachojua ni kwamba amesema neno la nyumbani kwao, neno analolipenda, na halikufika. Likitokea mara kumi kwa siku, anafunga mdomo.

Kwa hiyo kabla hamjaondoka, anza mchezo na binti yako: kila kitu kina jina la Mwanza na jina la Kisumu. Anzia jikoni. Dagaa ni omena. Sato ni ngege, sangara ni mbuta. Samaki wale wale wa ziwa lile lile unalotajiwa, wakivuka maji wanabadilisha jina kama watu. Ulezi ni wimbi, na uji wake wa asubuhi ataupata bila shida ukisema "wimbi". Choroko ni ndengu. Makande ni githeri. Maziwa ya mgando ni mala. Giligilani ni dania. Barabarani bajaji ni tuktuk, daladala ni matatu, kituo ni steji. Ndala ni slipa. Na "buku", ambayo kwenu ni shilingi elfu moja, huku kwa mtoto wa shule ni daftari, kwa hiyo mwalimu akisema "toeni buku" asidhani anadaiwa hela. Usimwambie jina moja ni sahihi na lingine limekosewa. Mwambie yote ni yake. Watoto wa umri huo hupenda sana kuwa na siri ya majina mawili, na mchezo huo unageuza aibu kuwa ujanja.

Jambo la pili la lugha ni adabu, na hili linauma zaidi. Binti yako atawaamkia watu shikamoo. Mombasa angeitikiwa. Kisumu wengi watamtazama tu, au watasema "poa", au watatabasamu na kupita. Si dharau. Hapa salamu ni mkono: mtu mzima anakunyoshea mkono, na mtoto anaupokea. Mweleze hivyo mapema, asije akadhani amekosea au amechukiwa. Mfundishe na salamu moja ya Kijaluo, "oyawore" ya asubuhi, na "erokamano" ya kushukuru. Mtoto mgeni akisema "oyawore" kwenye geti la ploti, yaani ua wa nyumba za kupanga, mama wote wa pale watakuwa wake kufikia jioni. Na lile "naomba" lenu msiliache. Utasikia watu dukani wakisema "nipee maziwa", na mwanzoni litakukwaruza sikio. Lizoee kwa watu wazima wa huku, lakini wanao waendelee na "naomba" yao. Wenye maduka watawacheka mwezi wa kwanza, na kuanzia wa pili watakuwa wanawaongeza peremende.

Sasa shule, ambako ndiko nataka nikae kidogo.

Mfumo wa huku una miaka miwili ya awali, PP1 kwa watoto wa miaka minne na PP2 kwa wa miaka mitano, halafu Gredi ya kwanza kwenye miaka sita. (Mwambie binti yako mapema kwamba "pipi tuu" si pipi. Nimemwona mmoja aliyelia siku nzima kwa kudanganywa.) Mwaka unaanza Januari kama kwenu, ila una mihula mitatu. Binti yako Januari atakuwa anakaribia miaka sita, na kuna watu watakaokushauri aingie Gredi ya kwanza moja kwa moja ili "asipoteze mwaka". Mimi ningemweka PP2. Anayo kazi ya kujifunza Kiingereza cha darasani, Kijaluo cha uwanjani na Kiswahili cha Kenya, na kazi hiyo inafanyika vizuri mahali penye kuimba na kupaka rangi kuliko penye mazoezi ya kuhesabiwa alama. Mwaka huo mmoja hataukosa popote.

Lugha ya kufundishia itakushangaza. Kwenu Kiswahili kinabeba shule ya msingi nzima ya serikali. Huku sera inasema mpaka Gredi ya tatu mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo analokaa, halafu Kiingereza kichukue usukani kuanzia Gredi ya nne. Hiyo ni sera. Darasani, shule nyingi za kibinafsi mjini huanza Kiingereza siku ya kwanza ya PP1, na baadhi humkataza mtoto Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili. Shule za umma za katikati ya mji huchanganya Kiswahili na Kiingereza. Ukitoka nje kidogo ya mji, mwalimu atafundisha kwa Kijaluo, na ana haki yake. Kwa hiyo unapotafuta shule usiishie kwenye rangi ya basi na matokeo ya mitihani. Omba ukae darasani nusu saa, usikilize mwalimu anawaonya watoto kwa lugha gani. Lugha ya kuonya na kubembeleza ndiyo lugha halisi ya darasa hilo. Kwa binti yako ningetafuta darasa ambalo mwalimu akiona mtoto amekwama anateremka kwenye Kiswahili bila kuona aibu.

Shule ya umma isikutishe na mtihani wa kuingia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu mtoto kunyimwa nafasi kwa sababu ya jaribio. Jaribio likiwepo ni la kujua aanzie kiwango gani tu. Hilo ulijue, ulinyamazie, ulitoe likihitajika. Na elimu ya awali ya umma huku iko chini ya serikali ya kaunti, kwa hiyo ukiwa na swali juu ya PP2 usipoteze siku ukizungushwa kwenye ofisi za wizara.

Wiki ya kwanza nenda kwa mwalimu na mambo matatu. La kwanza, majina anayotumia mtoto kwa choo, maji, maumivu na bibi. Andika kwenye karatasi, mwachie. La pili, mwombe amfundishe binti yako sentensi ya Kiingereza ya kuomba ruhusa ya kutoka kwenda chooni, na umfanyishe mazoezi nyumbani mpaka aiseme usingizini. Watoto wengi wageni hujikojolea darasani kwa sababu hawajui fomula hiyo, na aibu ya siku moja huwafanya wachukie shule muhula mzima. La tatu, mwambie huenda mtoto akanyamaza. Hicho ni kipindi kinachojulikana vizuri kwa watoto wanaoingia lugha mpya: wiki kadhaa, wengine miezi, mtoto anasikiliza na hasemi. Asilazimishwe kusimama mbele na kuimba. Apewe kazi ya mikono, kugawa penseli, kufuta ubao.

Kitakachonitia wasiwasi mimi ni kingine: mtoto akinyamaza hata nyumbani, akipoteza maneno aliyokuwa nayo, akiacha kucheza, au muhula wa pili ukiisha bado hana rafiki hata mmoja wa kuchora naye chini. Hapo tafuta msaada. Kukojoa kitandani tena, kung'ang'ania gauni lako na kukataa chakula mwezi wa kwanza ni mambo ya safari, yatapita.

Njooni mapema Desemba kama mnaweza, msingoje mwisho wa mwezi. Novemba na Desemba watoto wa Kenya wako likizo ndefu, wamejaa ploti wakicheza kati, ule mchezo wa mpira wa karatasi za nailoni. Majuma matatu ya kucheza kati yatamfaa kuliko majuma matatu ya masomo ya ziada. Atakapofika shule Januari atakuwa anajua watoto wawili watatu kwa majina.

Wa kiume ni rahisi na ni mgumu. Rahisi, kwa kuwa mtoto wa miezi ishirini nchi yake ni wewe. Mgumu, kwa kuwa anashika maneno sasa hivi, na ataletewa lugha tatu kwa mkupuo. Utaambiwa atachanganyikiwa, uache Kiswahili umsemeshe Kiingereza. Usikubali. Mtoto hachanganyikiwi na lugha nyingi. Atazichanganya kwa muda, "nipe pi" kwa maana ya nipe maji, kisha atazitenga mwenyewe. Wewe baki na Kiswahili chako cha Mwanza, kwa kuwa ndicho unachoweza kumwimbia nacho na kumfokea nacho. Kama nyumbani mnasema Kisukuma, baki nacho pia.

Ukitafuta msaidizi wa nyumbani, kumbuka kwamba "dada" wa kwenu huku huitwa auntie. Ukimtangazia jirani kwamba unatafuta dada, atadhani una ndugu aliyepotea. Tafuta mtu mzima, aliyetimiza miaka kumi na minane, na wiki mbili za kwanza usimwache peke yake na mtoto; shindeni wote watatu. Jambo moja wageni hawalijui: Kisumu mazishi ni mwisho wa juma, na ni makubwa. Ijumaa auntie atakwambia ana matanga nyumbani, maana yake msiba, na atakwenda. Kumkatalia ni kumfukuza. Jipange tu uwe na mtu wa pili.

Afya. Hakikisha mdogo amepata sindano ya pili ya surua na rubela kabla hamjatoka Mwanza. Huku pia hutolewa miezi tisa na kumi na minane, kwa hiyo ratiba hazigongani, lakini ni kheri kadi iwe imejaa. Kadi ya kliniki ibebe mkononi, isiwe kwenye mizigo ya chini ya basi. Kisumu ni miongoni mwa kaunti za magharibi ya Kenya zilizoingizwa kwenye chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa mwaka 2019. Dozi ya kwanza hupewa mtoto wa miezi sita, kwa hiyo wa kwako amepita mwanzo wake. Muulize muuguzi siku ya kwanza ya kliniki kama kuna la kufanya. Chandarua ndicho hakina mjadala, kila usiku, hata siku ya joto la kukosa pumzi. Mtoto akipata homa apimwe siku hiyo hiyo, kabla ya saa ishirini na nne kwisha. Dawa ya malaria ni ile ile mliyoizoea, ila ukiingia kwenye "kemisti", ndilo duka la dawa, ukaomba "mseto", huenda wasikuelewe, sema "AL". Usinunue kabla ya kipimo.

Hospitali kubwa ya rufaa imepewa jina la Jaramogi Oginga Odinga, lakini mwendesha boda ukimtajia jina hilo refu atakuuliza, "Ni Russia?" Jibu ni ndiyo. Wazee huiita hivyo kwa sababu Warusi ndio waliosaidia kuijenga. Kwa homa na kikohozi usiende huko kupanga foleni, anza na kituo cha afya kilicho karibu. Bima ya afya ya umma tangu Oktoba 2024 iko chini ya mamlaka inayoitwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF ya huku, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mumeo aulize kazini kwake wiki ya kwanza jinsi ya kuwaandikisha wewe na watoto. Wengi hukatwa miezi sita na watoto hawamo kwenye orodha, wakaja kujua wakiwa dirishani na mtoto anatapika.

Karatasi nitazipita haraka. Kila mtoto awe na pasipoti yake na cheti cha kuzaliwa cha RITA, nakala halisi. Ukivuka na watoto bila baba yao, beba barua yake ya ridhaa na nakala ya pasipoti yake. Kadi ya manjano ya homa ya manjano iwepo kwa ninyi wote, maana mnaporudi kusalimia nyumbani mnaweza kudaiwa mpakani. Muhuri wa mgeni hautoshi kwa miaka miwili: wewe na watoto mtahitaji pasi ya mtegemezi kupitia kibali cha mumeo, na kwa binti anayesoma ulizeni kama anahitaji na pasi ya mwanafunzi. Ofisi ya mumeo ndiyo ianze mambo hayo, na ianze sasa. Na hapa nakuonya kama fundi: pasi ya mtegemezi peke yake si kibali cha kazi. Usifungue duka la cherehani mpaka uulize Uhamiaji na ujibiwe kwa maandishi. Mashine yako njoo nayo, uwashonee wanao sare za shule. Sare za shule za watoto huku ni ghali, na zimeshonwa haraka haraka, utaona mwenyewe.

Nyumba kuna habari njema. Kwenu mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mzima mkononi. Huku kawaida ni kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, basi. Maana yake si lazima upatie mara ya kwanza. Panga mahali, kaa miezi miwili, mkiona hapawafai hameni. Wanaokwambia lipa mwaka "kwa sababu wewe ni Mtanzania" wapungie mkono. Familia nyingi zenye watoto hukaa Migosi, Kenya Re, Tom Mboya, na wenye uwezo Milimani. Kuelekea Dunga na sehemu za chini za Nyalenda mbu ni wengi na mvua ikizidi maji hutuama. Kabla ya kulipa, muulize jirani, usimuulize dalali: maji ya bomba huja siku gani, na tangi la ploti linatosha watu wangapi? Maji ya kunywa ya watoto yachemshwe. Ziwani wasichezee maji ya ukingoni, kichocho hakijui mpaka. Kwa hesabu za kichwani, chukua shilingi moja ya Kenya kuwa takriban ishirini za kwenu. Miezi miwili ya kwanza utakuwa unaona vitu ni bure, kisha utazidisha kwa ishirini na kukaa chini.

Na wewe je? Hukuuliza, lakini mtoto wa miaka mitano huusoma uso wa mama kabla ya kusoma darasa. Tafuta wanawake. Wakikualika "chama" usidhani ni siasa. Ndicho kikoba chenu, watu wanachangishana na kunywa chai. Kanisani au msikitini utawapata, na kwenye geti la shule saa sita unusu, PP2 inapotoka. Siasa yenyewe iachie wenyeji, hasa kadiri uchaguzi wa Agosti 2027 unavyokaribia. Kisumu watu wana msimamo na huingia barabarani. Ukisikia kesho kuna maandamano, watoto wabaki nyumbani, uwe na unga, maji, na salio kwenye simu. Kawaida siku ya pili maisha yanaendelea, mama wa omena yuko pale pale.

Kumpigia bibi simu, chagueni Jumamosi asubuhi. Usiku kabla ya kulala mnaamsha kilio ambacho bibi hawezi kukibembeleza akiwa ng'ambo. Na mkimpeleka binti Dunga kuangalia ziwa, ataona milima upande wa pili na atauliza kama ndiyo Mwanza. Usimdanganye kumfurahisha. Hiyo ni ghuba tu, ng'ambo yake bado ni Kenya, na ukisema ndiyo atataka mtumbwi sasa hivi. Mwambie maji haya yanazunguka mbali, yanafika mpaka kwenye lile jiwe la Bismarck la Mwanza analolijua.

Vitanda usibebe. Kibuye kuna maseremala wa kutosha, utapata kitanda cha mtoto kwa vipimo vya chumba chako, na Jumapili soko likijaa una nafasi ya kuzunguka ukilinganisha bei. Njoo na vyandarua, na zile kanga wanazolalia. Kanga ya mdogo usiifue kabla ya safari.